Dakika ya Kimya

Rafiki yangu huandaa kipindi cha redio kuhusu watu wanaodukuliwa simu zao. Juzi alikwenda kumhoji mzee mmoja, fundi mitambo mstaafu, aliyekuwa tayari kuwataja waliomtuma kunasa mazungumzo ya watu. Walipomaliza, alimwomba wanyamaze kidogo arekodi ukimya wa chumba, kama ilivyo kawaida ya watu wa redio.

Kesho yake mchana umeme ulikatika studioni, chumba kisicho na dirisha. Kinasa sauti kilikuwa cha betri, kwa hiyo akavaa hedifoni humo gizani akausikiliza ule ukimya. Mara akaisikia sauti yake mwenyewe ikisema polepole, "Mzee aliyetusimulia haya hatunaye tena."

Hakuwahi kutamka maneno hayo. Hata kuogopa hakuogopa. Akapiga simu.

"Shikamoo, mzee. Uko salama?"

"Marahaba, mwanangu. Mzima kabisa. Mbona sauti imekukauka?"

"Uko na nani hapo?"

"Niko peke yangu."

Lakini nyuma ya mzee, mle chumbani, sauti ya rafiki yangu ilikuwa inasoma, taratibu, saa ya mazishi.