Mama Alijibu Sawasawa

Mlango wa makao ya wazee ulipofungwa, mama aligonga kioo kwa viganja vyote viwili.

"Siew Lan! Nimekukosea nini?!"

Nikageuza uso, nikaondoka...

Ndugu zangu, aliyemfungia mama yangu si adui. Ni mimi, bintiye wa pekee, na shahada yangu mpya.

Baba alishafariki. Mama alibaki peke yake mjini Ipoh, akasahau sufuria jikoni mara mbili, moshi ukajaa nyumba. Niliogopa! Nikaomba mahakama inifanye msimamizi wake. Mahakama ikataka daktari ampime akili kwanza.

Nilikaa kando ya mama, nikimtafsiria daktari Kikantoni chake, Kichina cha kwetu.

"Mama, leo tarehe ngapi?"

"Kumi na tano, mwezi wa saba."

Ilikuwa ishirini na saba Agosti. Daktari akaandika.

"Una miaka mingapi?"

"Sabini na tano."

Kitambulisho kilisema sabini na tatu. Akaandika tena.

"Kuna unachotaka, Mama?"

"Niacheni niende nyumbani! Mume wangu anakuja kula leo, na wali sijapika!"

Kalamu ikasimama.

"Mumewe si alifariki?"

"Miaka minne sasa," nikajibu huku nalia.

Hakimu akaamua: mama hawezi kujiamulia. Aishi wapi, atie saini wapi, yote juu yangu. Nikampeleka makaoni.

Mwaka ukapita.

Jioni moja ya Agosti nikaenda kufagia nyumba ya mama. Mtaa mzima ulinukia ubani. Jirani yetu, Shangazi Mooi, alikuwa akipanga wali na kuku wa kuchemsha kando ya barabara.

"Shangazi, sherehe ya nani?"

"We mtoto! Chuo kilikufuta kichwa? Leo kumi na tano, mwezi wa saba wa kalenda yetu ya Kichina. Marehemu wanarudi kula! Mama yako hakuwahi kumwacha baba yako na njaa siku hii."

Miaka yote nilikula kuku wa siku ile, sikuwahi kuuliza tarehe.

"Na... mama mwaka jana alikuwa na miaka mingapi?"

"Sabini na tano. Sisi wazee tunahesabu tangu tumboni, na kila mwaka mpya wa Kichina tunaongeza mmoja."

Majibu matatu. Yote sahihi!!

Nilitafsiri maneno yake. Yeye mwenyewe sikumtafsiri.

Nikabeba sahani ya wali, mbio hadi makaoni.

"Mama! Leo ni kumi na tano, mwezi wa saba!"

Mama akatazama mlangoni, akaniziba mdomo kwa kiganja.

"Shii! Usiseme kwa sauti, mwanangu. Watakufungia na wewe."

...

Nimeshapeleka ombi amri ifutwe. Safari hii naingia mahakamani na kalenda ya ukutani ya mama, yenye tarehe za Kichina, ile aliyokuwa akiichana karatasi moja kila asubuhi.

Ndugu, kabla hujasema mzazi wako amepotelewa na akili, muulize anahesabu kwa kalenda gani. Halafu mngoje amalize kujibu.