Malkia Ashika Kijiko

Nyumbani kwa dobi hakuna kinachochukiwa kama doa. Kila asubuhi kamba za uani hujaa mashuka na mashati ya watu, meupe pepepe. Mama wa nyumba hiyo, ambaye ndiye dobi mwenyewe, huliona doa la chai kabla hujavuka mlango. Mumewe ni fundi baiskeli. Huvua shati la kazi barazani. Akisahau, chakula chake humfuata huko huko nje.

Binti yao wa pekee alikuwa na miaka minane. Alizaliwa na mtindio wa ubongo. Mikono yake ilikakamaa, na miguu haikumbeba vizuri. Maneno yalimtoka kwa shida, lakini akili ilikuwa kazini wakati wote. Walimwita Malkia kwa sababu kila mtu alimlisha. Asubuhi mama, mchana bibi, jioni baba. Yeye kazi yake ilikuwa kufungua kinywa tu.

Siku moja walikwenda shule ya jirani. Mwalimu mkuu alikubali kumpokea Malkia muhula mpya. Malkia alicheka njia nzima ya kurudi. Mama yake hakucheka.

"Mama Malkia, mbona umenuna?" fundi aliuliza. "Si nafasi tumepata?"

"Hukumsikia mwalimu? Watoto wanakula mchana pale pale, na hakuna mtu wa kumlisha. Asipoweza kula mwenyewe, atashinda na njaa. Mimi siwezi kumpeleka mwanangu akatazame wenzake wakila."

"Basi ajifunze."

"Kwa mikono hii?"

Malkia aliitazama mikono yake. Mama akaona, akajuta kusema.

"Kesho tunakwenda kliniki," alisema. "Hiyo nafasi haipotei, nakwambia!"

Kliniki walimkuta mtaalamu wa mazoezi ya watoto, mwanamke mchangamfu. Aliwapa bakuli la uji mzito.

"Mlishe kama unavyomlisha nyumbani," alimwambia mama.

Mama alimpakata Malkia, akamlaza kifuani, akaanza. Kijiko mdomoni, kitambaa mdomoni. Kijiko, kitambaa. Uji ukaisha upesi.

"Mama Malkia, unakimbizwa na nani?" mtaalamu alicheka. "Sasa sikiliza. Usimlishe amelala hivi. Chakula kitampalia. Akae wima, miguu ikanyage kitu, meza iwe usawa wa viwiko. Mwili ukitulia, mkono nao unatulia."

"Na kijiko? Hawezi kukikamata."

"Mpini wake ni mwembamba mno. Ufanyeni mnene. Bakuli liwe na kingo, na lisiteleze. Chakula kiwe laini na kizito, kisichomwagika kirahisi. Maji mpe kidogo kidogo, na mtu mzima awe karibu siku zote."

Kisha alisimama nyuma ya Malkia, akaushika mkono wake. Wakachota pamoja, wakainua pamoja. Kijiko kilipokaribia kinywa, mtaalamu aliachia. Malkia akamalizia mwenyewe.

"Umeona? Anza kwa kumwachia hapo mwisho. Akizoea, unamwachia mapema zaidi. Mwisho hutakuwa na cha kushika."

"Atamwaga."

"Tena sana! Nani alijifunza kula bila kumwaga?"

"Lakini mimi ni dobi, dada."

"Basi kapata mama anayefaa."

Jioni ile ile fundi alikata mpira wa tyubu mpya ya baiskeli, akauosha, akauzungusha kwenye mpini wa kijiko mpaka ukajaa kiganja cha Malkia. Kipande kingine alikiweka chini ya bakuli lisiteleze. Akapigilia kisanduku cha mbao cha kukanyagia miguu.

Kazi ikaanza. Chakula kiliingia puani, kikaingia kwenye nywele, kikaanguka sakafuni. Mkono wa mama ulikifuata kitambaa wenyewe. Aliuzuia. Ilimuuma, lakini aliuzuia.

Baada ya siku chache mambo yaliharibika. Malkia alikaa mezani, akageuza uso. Kijiko hakukitaka. Ilikuwa hivyo leo, ikawa hivyo kesho.

"Labda tungoje mwaka mwingine," fundi alisema kwa unyonge.

"Hatungoji," mama alijibu. "Kuna kitu hapa."

Kesho yake, kabla ya chakula cha mchana, mama aliingia ndani kuchukua sabuni. Nyuma ya mlango alimkuta bibi, mama mzazi wa fundi, na sahani ya viazi vilivyopondwa. Malkia alikuwa anatafuna kwa raha zake.

"Mama! Kumbe ni wewe?"

"Nilikuwa namtangulizia kidogo," bibi alisema. "Mezani mnamtesa. Nusu ya chakula inakwenda chini. Moyo wangu hauwezi."

"Hata wangu hauwezi, mama. Lakini mtu aliyeshiba atanyanyua kijiko cha nini? Shuleni hutakuwepo. Unataka mjukuu wako alie njaa huko?"

Bibi aliiweka sahani chini.

"Haya. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Nipe kazi nyingine, maana hii nimefukuzwa."

Alipewa kazi ya kukaa mbele ya Malkia na kula naye. Ilimfaa. Bibi hakuwa na meno, na Malkia alikuwa na mikono mizito, kwa hiyo mwendo wao ulilingana. Bibi akichota, Malkia alitazama, naye akachota.

Wiki zilipita. Mama aliachia kijiko mapema, kisha mapema zaidi. Mchana mmoja alipotaka kuushika mkono wa Malkia, mkono ulimsukuma.

"Mimi," Malkia alisema.

Mama alirudi nyuma. Kijiko kilipanda kikitetemeka. Nusu ilimwagika kifuani. Nusu iliingia kinywani. Mama alitafuta kitambaa, akakuta bibi amekikalia.

"Mwache amalize, mwanangu," bibi alisema, machozi yakimtoka.

Siku ya kwanza ya shule, Malkia alibeba kijiko chake. Baba alibeba kisanduku, na mwalimu akakiweka chini ya meza ya chakula. Mama alifua siku nzima, roho iko shuleni.

Malkia alirudi na mchuzi wa maharage kuanzia kola mpaka mfukoni.

"Umekula, mwanangu?"

Malkia aligonga kifua chake penye doa. "Mimi!"

Mama alimvua sare ile, lakini hakuichovya kwenye maji. Alitoka nayo barazani, akaita majirani.

"Njooni!" alisema. "Njooni muone doa la mwanangu!"