Nyuzi Nyeupe Ndani ya Tangi

Kila asubuhi, akishafagia, Chiriku alipangusa meza iliyokuwa karibu na cherehani ya mama yake. Juu ya meza hiyo kulikuwa na tangi la kioo lenye samaki watano wekundu. Halikuwa lake. Shangazi yao, mpimaji wa maabara katika zahanati, alimletea mdogo wa Chiriku aliposhika nafasi ya kwanza darasani. Tangu siku hiyo nyumba nzima ilimwita mtoto huyo wa miaka tisa Profesa. Chiriku alishika nafasi ya sita, na wa sita hapewi hata kijiko.

Ilimchoma. Alipangusa vumbi la tangi la mwenzake huku moyo ukiuliza, na mimi je? Ndipo akaanza. Profesa akienda kuoga, yeye alifungua kopo la chakula cha samaki na kumwaga kiganja kizima, ili maji yachafuke na mtoto wa sifa aonekane mzembe.

Baada ya wiki tatu, Profesa aliona vidudu vyembamba, vyeupe, vikijinyonganyonga kwenye kioo, mamia kwa mamia. Mama aliacha kushona, akavaa miwani. Alisema vinafanana na nyuzi anazokata, ila nyuzi hazitembei. Akaamua kwamba hiyo ni minyoo, na nyumbani kulikuwa na mtoto mchanga. Jumamosi tangi lingemwagwa, maji na samaki wake. Profesa hakula siku hiyo. Chiriku alikula akaongeza, lakini chakula hakikumpa raha aliyoitarajia.

Ijumaa jioni Shangazi alipita kuwajulia hali, akaelezwa. Alitoa kioo cha kukuzia mkobani, akachota mdudu mmoja kwa kijiko na kumtazama kwenye mwanga kwa muda mrefu.

"Wifi, usimwage kitu," akasema. "Ni minyoo kweli, lakini si ile ya tumboni. Hii hukaa kwenye changarawe na kula mabaki. Ikiwa michache huioni. Ikijaa namna hii, ujue kuna mtu anaiandalia karamu."

Aliuliza samaki wanalishwaje. Profesa alijibu kwamba huwapa kidogo, kwa vidole viwili, mara moja kwa siku. Mama akainua kopo, akaona limebaki vumbi tu.

"Uzembe ningekusamehe," alimwambia Profesa. "Sasa unanidanganya mbele ya shangazi yako?"

Sifa za Profesa zikaporomoka, kama Chiriku alivyotamani siku zote. Mtoto alifungua mdomo ajitetee, machozi yakamtangulia.

"Si yeye, mama," Chiriku akasema. "Ni mimi ninayemwaga. Nilitaka mumwone hafai."

Kisha Profesa akajifuta pua. "Dada, ungesema tu. Ningekupa wawili."

Kwa Chiriku, afadhali angechapwa.

Shangazi aliwaonyesha jinsi ya kufyonza uchafu wa changarawe kwa mpira wa maji na kubadilisha maji nusu nusu. Chiriku alibeba ndoo wiki mbili bila kulalamika, hadi kioo kikawa safi. Siku hiyo mama alimwita akae karibu naye.

"Mwanangu, Mungu hakukupa macho ya kuchungulia sahani ya mwenzako. Ulimlenga mdogo wako, wakakaribia kufa samaki ambao hawakukukosea kitu. Ukiona mwenzako kapata, shukuru, kisha omba na wewe upate. Siku ukishindwa kushukuru, njoo useme kwamba unaumia. Wivu ukisemwa unatibika. Ukifichwa, unazaana."