Buti la Kushoto

Siku ile ilianza kama siku zote. Filimbi ililia saa kumi na moja alfajiri, wasichana wakakimbia mchakamchaka hadi karibu na bwawa la Manchira, wakarudi, wakafagia uwanja wa gwaride, wakanywa uji. Ndivyo wanavyoishi wanafunzi wa shule ya jeshi, na Gati, binti wa jirani yetu mzee Magige wa Mbalibali, alikuwa ameshazoea. Alikuwa kidato cha tatu. Bwenini alilala kitanda cha chini. Cha juu alilala rafiki yake Specioza, ambaye wazazi wake walitoka Geita wakaja Nyakunguru kuchimba dhahabu.

Baada ya uji, Afande Waitara akatangaza nani ataongoza gwaride siku ya wazazi.

"Specioza! Njoo mbele."

Gati alipiga makofi pamoja na wenzake. Mikono ilipiga, moyo ulikataa. Likizo iliyopita alikuwa amemwambia baba yake, "Tata, mwaka huu utaniona mbele ya wote, na upanga mkononi." Mzee Magige hakuweza kukaa na neno hilo. Alilitangaza mnadani, akalitangaza na kanisani, akafua koti lake mwezi mzima kabla ya siku yenyewe.

"Tazameni mguu wake unavyotua," Afande alisema. "Gati, jifunze kwa mwenzako. Wewe unatembea kama mtu anayeswaga ng'ombe."

Wakacheka wote. Specioza peke yake hakucheka. Jioni alimletea Gati karanga za kukaanga ndani ya kofia yake, kisha akachukua buti zote, zake na za Gati, akazipaka kiwi. Gati alikula karanga zile huku akimwangalia shingo. Angekuwa na maringo, ingekuwa nafuu. Wema wake ndio uliomchoma.

Tangu siku hiyo kila kitu cha Specioza kilimuuma. Sauti yake ya kutoa amri ilimuuma. Usingizi wake mzito ulimuuma. Mkanda mwekundu wa kiongozi ulitundikwa kwenye kitanda cha juu, na ncha yake ilining'inia mbele ya macho ya Gati kila alipolala.

Gati alipokuwa mdogo, bibi yake alikuwa akifuta nyayo zake kwa tawi kila alipotoka kwa watu asiowaamini. Alimweleza mjukuu sababu. Udongo wa unyayo ukifungwa na kutundikwa juu ya moshi, mguu uliokanyaga pale hukauka kama udongo wenyewe. Bibi alisema hayo ili Gati ajihadhari. Gati aliyakumbuka kwa jambo lingine.

Kwenye shule ile buti zote hutoka stoo moja, na alama zake chini ni moja. Lakini buti la kushoto la Specioza lilikuwa limeliwa kisigino upande wa nje. Gati alikuwa ameliona kwenye ukaguzi wa mwezi uliopita.

Wiki iliyofuata mvua ilinyesha wakati wa mazoezi. Afande alipowaambia watawanyike, Gati alibaki nyuma akijifanya anafunga kamba. Akautafuta unyayo wenye kisigino kilicholiwa. Akaupata, mzima, haujakanyagwa na mtu. Alichota udongo wake kwa kijiko, akaufunga kwenye leso. Mchana, kwenye zamu yake ya jikoni, aliitundika leso kwa kamba kwenye boriti juu ya jiko la kuni.

"Akauke," alinong'ona.

Hakutaja jina. Aliona haya kulitaja.

Siku ya tatu, mguu wa kushoto wa Gati ukawa wa baridi. Siku ya nne hakuusikia kabisa. Aliukanda kwa mafuta, na ngozi ikapukutika mkononi mwake. Lilikuwa vumbi jekundu, kama la uwanjani.

Siku ya sita, Afande alimtoa kwenye mstari kwa sababu alikuwa akikosea hatua. Ilikuwa saa sita mchana, jua kali, na uwanja ulikuwa umefagiliwa.

"Tembea peke yako hadi kwenye bendera. Haya!" Gati akatembea hadi pale. "Nyuma geuka!"

Gati akageuka. Akaziona alama zake mwenyewe.

Kulia. Kulia. Kulia.

Kushoto hapakuwa na kitu.

Akaukita mguu chini kwa nguvu. Akauinua. Vumbi lilikuwa limetulia, halina hata mkwaruzo.

Afande Waitara aliinama akaitazama ardhi. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Kapumzike."

Specioza alimfuata bwenini.

"Spesi," Gati alinong'ona, "nionyeshe buti lako la kushoto."

"Langu si unalo wewe!" Specioza akacheka. "Lako lilikuwa linaingiza maji, na kifua chako hakitaki baridi. Jioni ile ya karanga nikakubadilishia. Namba si ileile? Bora nilowe mimi."

Gati aligeuza buti alilovaa. Kisigino kilikuwa kimeliwa upande wa nje.

Alikwenda jikoni akichechemea, akishika kuta. Mpishi, mama Tabitha, alikuwa akipepeta mchele.

"Shikamoo mama. Kulikuwa na leso hapo juu."

"Marahaba. Ile chafu? Kamba iliungua asubuhi, ikadondoka motoni. Cha ajabu haikutoa hata moshi."

Siku ya wazazi ilifika. Mzee Magige alikuja na koti lake safi, akakaa mbele. Gati alikaa kwenye benchi pembeni yake, mguu umefungwa blanketi.

"Mwanangu," baba alinong'ona, "nani amekufanyia hivi?"

Specioza alikuwa akipita mbele yao, upanga mkononi, mguu ukitua. Gati alifungua mdomo. Jina lilikuwa tayari kwenye ulimi.

"Sijui, tata."

Hospitali hawakuona ugonjwa. Sasa Gati yuko nyumbani Mbalibali, anatembea kwa fimbo. Kwenye vumbi la ua wao zimo alama za mguu mmoja na vitundu vya fimbo.

Wasichana wanaofagia uwanja wa shule wanasema kuna alama nyingine. Iko pale mbele, mahali anaposimama kiongozi wa gwaride. Ni buti moja la kushoto, kisigino kimeliwa upande wa nje, limeelekea viti vya wazazi. Wanalifagia. Wakigeuka, lipo. Specioza huwa anasimama pembeni yake kidogo, halikanyagi.

Siku moja aliinama akaligusa kwa kidole. Ndani yake hamkuwa na udongo. Yalikuwa majivu, na yalikuwa bado ya moto.