Injini Iliyotagiwa Mayai

Kila asubuhi Limi aliteka maji mara mbili. Kwanza alikwenda kwenye pampu ya kijiji. Foleni ya pale ilikuwa ndefu, na ndoo zake mbili zilitosha kupika na kunywa tu. Kisha alishuka bondeni, kwenye bwawa ambalo wachimbaji huoshea mawe yao ya dhahabu. Huko hakukuwa na foleni. Alijaza dumu moja la maji mekundu, akalipeleka kwenye gari.

"Gari halina tumbo," alizoea kusema. "Litakunywa chochote."

Gari lenyewe lilikuwa pikapu ya mume wake, Maige. Waliishi pembeni mwa Kharumwa. Maige alikwenda na pikapu hadi Nkome, ziwani, akapakia magunia ya dagaa, akauza minadani. Nyumba nzima ilikula kwa pikapu hiyo.

Mwaka huu, baada ya mavuno ya pamba, injini ilichemsha njiani, ikanoki. Yaani ilizima, haikuwaka tena. Watu wa barabarani walimwambia Maige, "Itupe hiyo, tafuta nyingine." Naye hakuuliza imekufa kwa nini. Aliuza ng'ombe wanne, akanunua injini ya mtumba mjini. Ile ya zamani aliiweka nyuma ya banda la kuku, akaifunika turubai. Kuku mmoja aliona pamemfaa, akaanza kutaga humo.

Zizini walibaki ng'ombe wawili. Walikuwa wa mahari ya binti yao, Rebeka, na waliwekwa ili kaka yake, Kalisti, naye apate kuoa. Hilo lilijulikana na kila mtu nyumbani, hata watoto wa jirani.

Injini ya mtumba ilidumu wiki tano. Ilikufa mvuani, pikapu ikiwa imejaa dagaa. Trekta liliikokota hadi nyumbani kesho yake. Harufu ya dagaa waliooza ilitangulia kufika. Maige alishuka, akakaa kwenye kizingiti bila kuvua viatu vyenye tope. Limi hakuwahi kumwona mume wake ameishiwa nguvu namna ile.

"Mama Kalisti," alisema Maige, "nimemwita mnunuzi wa ng'ombe. Atakuja Jumamosi."

"Atanunua wale wa Kalisti?"

"Kwani kuna wengine?"

"Na Kalisti ataoa na nini?"

"Bila gari tutakula nini?"

Majirani walishaanza kunong'ona kwamba pikapu imerogwa, naye Limi alikuwa karibu kuamini.

Kesho yake alikwenda gereji kumwita Salome. Huyu alikuwa fundi wa magari, msichana aliyesoma chuo cha ufundi. Alipofungua gereji yake karibu na soko, wanaume walimcheka. Siku hizi walikuwa wanampelekea magari yao kimyakimya.

Salome alifika na ovaroli yake na boksi la spana.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu," alijibu Maige, macho chini. "Kama umekuja kuniambia ninunue nyingine, hilo nalijua."

"Sijafika huko, baba. Nataka kwanza kujua hii imeuawa na nini."

Alichomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa.

"Maji yameingia kwenye oili," alisema.

Akafungua injini. Ilimchukua hadi mchana. Mwishowe alimwita Maige, akamwonyesha ufa kwa kidole.

"Hii ni bloku, ndiyo mwili wa injini. Imepasuka. Usipoteze chochote kuitengeneza hii."

Kisha alifungua rejeta, tangi la maji ya kupozea injini, akaingiza kijiti. Kilitoka na tope jekundu, zito kama uji.

"Haya maji mnateka wapi?"

Maige alimgeukia mkewe. Limi aliona aibu.

"Bwawani, kwa wachimbaji," alisema polepole. "Nateka mimi. Kila siku."

Salome hakumkaripia. Alipiga magoti karibu na rejeta, akamwita asogee.

"Mama, gari nalo lina tumbo. Tazama hii mirija ilivyo myembamba. Maji hupita humu ili kuipoza injini. Tope likiziba, injini inachemsha. Ikizidi kuchemsha, inapinda au inapasuka. Mngefunga hata injini mpya kabisa, ingekufa vilevile."

"Kwa hiyo hata ile ya kwanza..." Limi alishindwa kumaliza.

"Iko wapi hiyo ya kwanza?"

Wakaenda nyuma ya banda. Salome alimfukuza kuku, akatoa mayai matatu, akamkabidhi Limi. Limi alisimama nayo mikononi wakati fundi akifungua. Salome aliondoa hedi, kile kifuniko kizito cha juu ya injini. Akaweka rula ya chuma juu yake, akachungulia. Akapapasa bloku pande zote. Akazungusha injini kwa spana kubwa. Ikazunguka.

"Gasketi hii ya kuzibia chini ya hedi imeungua," alisema. "Hedi imepinda kidogo, itasawazishwa kwa mashine Geita. Bloku ni nzima. Kutu ni ya juu tu, turubai limesaidia."

"Inatengenezeka?" Maige aliuliza.

"Inatengenezeka, baba. Ilikuwa inatengenezeka tangu siku ile."

Maige alikaa kwenye tairi kuukuu.

"Ng'ombe wanne," alisema.

"Tatizo si kununua injini ya mtumba," Salome alisema kwa upole. "Zipo nzuri. Lakini uliza kwanza ya kwako imekufa na nini. Ipimwe. Bloku ikiwa nzima, na matengenezo ni nafuu kuliko kununua, tengeneza. Bloku ikipasuka, au karibu kila kitu kikiwa kimekwisha, hapo nunua. Nenda na fundi wako aipime. Isikie ikiunguruma kabla hujatoa chochote. Dai karatasi ya dhamana. Na usiifunge kabla hujasafisha rejeta au kununua nyingine."

Salome alipoondoka, Limi aliyaweka mayai kwenye ungo.

"Nimewaua ng'ombe wanne kwa dumu moja, Baba Kalisti."

Maige alikuwa anakunja turubai.

"Wewe uliteka," alisema. "Mimi niliuza bila kuuliza. Tuyaache."

Jumamosi mnunuzi wa ng'ombe alikuja, akarudi mikono mitupu. Badala yake Maige aliuza mbuzi wake watatu, na fedha hizo zilitosha kulipia kazi ya Salome, kusawazisha hedi, gasketi, oili na rejeta nyingine ya mtumba, safi. Wiki ya pili injini ya zamani ilifungwa. Ilipowaka, hakuna aliyepiga vigelegele. Maige alisikiliza tu, mkono wake juu ya boneti. Yule kuku alizunguka nyuma ya banda siku tatu akitafuta mahali pake.

Pikapu ilirudi barabara ya Nkome, na haikuchemsha tena. Maige alinunua dumu jipya, akalifunga kitambaa cheupe ili lisichanganywe na mengine. Kila asubuhi alikwenda nalo pampuni mwenyewe, akapanga foleni nyuma ya wanawake.

"Baba Kalisti, mke amekukimbia?" walimtania.

"Yupo," alijibu. "Haya ni ya gari. Ya kwangu nitakunywa yakibaki."

Saa hiyohiyo, nyumbani, Limi alikuwa anafungua zizi. Ng'ombe wawili walitoka, wakashika njia ya malishoni. Limi akabaki ameshika mti wa lango, kama mtu anayengoja wengine wanne watoke.