Kioo Kilichokwanguliwa

Midomo ndiyo aliyoiona Masuma kwanza. Mwanamke wa kwenye picha ile ya kale ukutani, isiyo na rangi hata chembe, asubuhi hiyo alikuwa na midomo myekundu.

"Baba Shaheen, umempaka rangi?"

"Nimpake na nini? Mjini hapa hata chokaa hakuna!" Aliasgar akacheka.

Mwaka ule filamu zilikuwa zimeanza kurudi madukani, naye, mpiga picha wa Chumbageni, akawa anazihamisha picha za marehemu babu yake kutoka kwenye vioo vya zamani, vilivyopigiwa picha kabla ya filamu, kwenda kwenye filamu na karatasi mpya, azitundike zivute wateja. Huyu mwanamke alikosea kumchapa, alikigeuza kioo, kipini cha pua ya kulia kikatokea kushoto. Hakujali. Kioo chenyewe akakikwangua picha yote kwa wembe, akakitia dirishani juu ya kitanda cha mtoto, maana vioo vya madirisha havikupatikana na mvua ilikuwa ikimlowesha.

Kesho yake mwanamke ana hina. Kufika alasiri, shela yake ni ya kijani, na chumba kinanuka udi ambao hakuna aliyeufukiza, na Masuma alipomwinua Shaheen ambusu ile alama yake nyeusi ya shavu la kulia, midomo ya mtoto ilikuwa ya kijivu, ulimi kijivu, kucha kijivu, hanyonyi, halii, na dirishani kitu kinakwaruza, kwaru, kwaru, na kila kikikwaruza mashavu ya yule wa ukutani yanazidi kunona.

Alikimbia pekupeku kwa Bi Mwanasiti, mganga. "Shikamoo bibi, njoo, mwanangu anafutika!"

Bi Mwanasiti aliiona picha, hakukaa.

"Sura ni ya mama yangu," alimnong'oneza Aliasgar. "Anayetazama siye. Ni jini aliyemkalia. Babangu alimsomea dua atoke, babu yako akampiga mama picha, jini akanasa kiooni. Kiko wapi?"

Aliasgar akaonyesha dirisha.

"Umemvunjia nyumba, sasa anahamia kwa mtoto. Mrudishe kule kule! Na kipini kiko upande siko: usikigeuze tena, mwanangu. Ukikigeuza, wa ndani hutoka, wa nje huingia."

Kioo kikabanduliwa, kikapakwa dawa ya picha ndani ya chumba cha giza, kikalazwa juu ya ile karatasi ya mwanamke, Bi Mwanasiti akisoma dua mlangoni, sauti inamkauka, Masuma amemkumbatia mtoto aliyekuwa mwepesi kama karatasi, "haraka, Baba Shaheen, haraka, hapumui," na humo gizani mwanamke akalia, udi ukanuka kama nywele zinazoungua, kisha kimya, na ile picha ya karatasi ikabaki nyeupe tupu.

Shaheen akakohoa. Midomo ikarudi kuwa myekundu. Akashika ziwa, akanyonya kwa nguvu.

Aliasgar akatoka na kioo ndani ya kitambaa cheusi, akakifungia kabatini.

"Hukukigeuza?" Masuma akauliza.

"Sikuona upande, Mama Shaheen. Giza lile..."

Masuma akamwinua mtoto ambusu. Alama ilikuwa shavu la kushoto.

Mtoto alimtazama, ametulia, kashiba. Ndipo kabatini, chini ya kitambaa, kichanga kikaanza kulia kwa kwikwi, na maziwa yakamtoka Masuma yenyewe, yakaloanisha gauni.