Tumbo la Kufuli

Trrr! Kimya. Trrr! Kimya tena. Kabla hajafumbua macho, Kufuli alijua cherehani ya mama inakata uzi. Alijua pia kwamba leo ndiyo leo: fainali! Darasa zima lilimtegemea golini. Mpira haumpiti, ndiyo maana wakamwita Kufuli.

Akaruka kitandani. Lo! Tumbo likamkata, akajikunja kama mkasi.

"Tena?" mama akashtuka. "Dawa ya minyoo umekunywa, maji ya moto umekunywa. Twende zahanati!"

Kwenye kona, binamu yake mkubwa, aliyezoea kumwita Dada, aliyekuwa akijifunza ushonaji, alifumua mshono. Tangu sare ya mteja ikutwe kwenye kazi yake ikiwa na alama ya kuungua kwa pasi, alikatazwa kuigusa pasi. "Si mimi, shangazi," alisema, asisadikiwe.

Zahanatini, nesi alimpima Kufuli joto, akampima mkojo, akambonyeza tumbo huku na huku.

"Homa hakuna, na tumbo ni laini. Usingizi je?"

"Sipati."

"Chakula?"

"Hakishuki."

"Na nyumbani, mnaishije?"

Kufuli akamtupia mama jicho. Tumbo likasokota.

"Nesi," mama akasema, "nimekuletea tumbo, mbona unauliza ya nyumbani?"

"Mama, umeniletea mtoto mzima. Tumbo limekuja naye tu."

Hapo Kufuli akalipuka. "Ni mimi! Niliichukua pasi nijaribu, sare ikaungua! Nikaikunja, nikaichomeka kwenye kazi ya Dada!"

Mama akamkazia Kufuli macho.

"Usidhani alijifanya," nesi akasema. "Maumivu ni ya kweli. Siri imemnyima usingizi, imemnyima chakula, mwili nao ukapiga kelele. Asipopona, mrudishe."

Njiani mama alitembea mbio mbio. "Uzi ukikatika, mwanangu, fundi halaumu sindano tu. Hukagua mashine nzima. Nami nilikagua tumbo, nikakusahau wewe. Mtu ni mwili, ni moyo, ni watu anaoishi nao. Kimoja kikiumia, vingine havilali."

Walipofika, Kufuli akamkumbatia binamu yake. "Nisamehe, Dada."

"Na mimi pia," mama akasema kwa sauti ya chini. "Nilikuhukumu bila kukusikiliza."

Dada akapangusa macho. "Hivi wewe, kufuli gani linalofungia wenzake nje? Kula upesi, utachelewa! Sare tutaishonea mfuko juu ya alama, shangazi, mwenyewe akikubali."

Kufuli akala mpaka akalamba sahani. Tumbo kimya! Wakatimka wote watatu mpaka uwanjani. Kelele! Vumbi! Kufuli akavaa glavu, akasimama golini, mwepesi kama unyoya. Kipyenga kikalia. Akageuka haraka, akapaza sauti hadi washambuliaji wakaduwaa:

"Dada! Nakuahidi! Nikiunguza kitu tena, nitasema kabla moshi haujaisha!"